Hekima ya Paroko wa Ars

Kila mwaka, mtihani wa Serikali ukikaribia, wanafunzi wa mwaka wa mwisho hutuletea kalamu zao. Wengine huzifunga pamoja na rozari. Wengine huziweka karibu na altare kabla ya misa na kuzitwaa misa ikiisha, bila kusema neno. Hatuwakemei. Mkulima huomba baraka juu ya mbegu zake, na mvuvi juu ya wavu wake. Mbona mwanafunzi asiombe baraka juu ya kalamu yake? Lakini mwaka mmoja kijana mwenye akili nzuri, ila mvivu wa hesabu, alitujia na kalamu tatu mkononi na swali moja kinywani.

« Mwalimu, akasema, katekisimu yatufundisha kwamba hekima ni paji la Roho Mtakatifu. Naye Paroko wa Ars, twasikia alikuwa mzito wa kichwa kuliko sisi sote, akapewa hekima kwa kusali tu. Basi, kwa nini sisi tukeshe na aljebra? »

Wenzake wakaangua kicheko, nasi tukacheka pamoja nao. Tukamjibu mbio mbio kwamba Mungu hasaidii uvivu, tukarudi ubaoni. Jioni, tulipobaki peke yetu, jibu lile halikutupendeza. Swali la kijana lilikuwa zito kuliko alivyodhani mwenyewe. Ama ibada yafungua kweli moyo wa mtu upate kupokea hekima ya Mungu, ama haifungui. Kama haifungui, tumewadanganya watoto miaka yote hii. Kama yafungua, yafaa tujue ni hekima ya namna gani, na mlango huo wafunguka jinsi gani. Basi tulisoma tena maisha ya mtakatifu huyo tangu mwanzo, na leo twawapa wasomaji wetu yale tuliyoyaokota humo.

Jean-Marie Vianney, ambaye katika sala zetu twamwita Mtakatifu Yoane Maria Vianney, alizaliwa tarehe 8 Mei 1786 katika kijiji cha Dardilly, karibu na mji wa Lyon, nchi ya Ufaransa. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alikuwa bado mtoto mdogo wakati mapinduzi makuu ya mwaka 1789 yalipoitikisa nchi yote. Makanisa yakafungwa, mapadri waaminifu wakaishi mafichoni, nao waliowakaribisha walihatarisha maisha yao. Komunyo yake ya kwanza aliipokea mwaka 1799, si kanisani, bali katika nyumba ya watu huko Écully. Madirisha yalifungwa, na mbele yake wakasimamisha magari ya majani makavu ili mwanga wa mishumaa usionekane nje. Shule aliiona kidogo tu, wakati wa baridi, shamba lilipokuwa limelala. Miezi mingine alichunga na kulima.

Alipofika miaka 20 hivi, Padri Charles Balley, paroko wa Écully, alimpokea katika shule ndogo aliyokuwa nayo nyumbani kwake, ya kuwatayarisha vijana kwa seminari. Waalimu wenzetu watamwona bila shida kijana huyo: mtu mzima mwenye mikono ya jembe, ameketi benchi moja na watoto, akitoa jasho juu ya sarufi ya Kilatini. Alilolisoma jioni, asubuhi lilikuwa limetoroka. Siku moja mwenzake Mathias Loras, mdogo wake kwa miaka sita, mwepesi wa akili na mwepesi wa hasira, alichoka kumsaidia, akampiga mbele ya wote. Vianney, ambaye angaliweza kumwinua mtoto yule kwa mkono mmoja, akapiga magoti na kumwomba msamaha. Loras akalia. Wakawa marafiki, na huyo Loras ndiye aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Dubuque, katika Marekani.

Hata hivyo Kilatini hakikuingia. Vianney akavunjika moyo, akataka kurudi shambani kwa baba yake. Mwaka 1806 akaweka nadhiri ya kwenda kwa miguu, akiomba chakula njiani, mpaka La Louvesc, kwenye kaburi la Mtakatifu François Régis, aombe neema ya kujua Kilatini cha kumtosha tu. Je, alirudi mwanachuoni? La. Walioandika maisha yake wasema kwamba tangu siku hiyo masomo yalimwendea afadhali kidogo, na kukata tamaa kulimwacha. Hayo tu. Kijana wetu wa kalamu tatu asome vizuri mahali hapa.

Habari za jeshi la Napoleon, lililomwita mwaka 1809, na jinsi alivyojikuta mtoro mafichoni, ni ndefu. Tutazisimulia siku nyingine. Mwaka 1812 aliingia seminari ndogo ya Verrières, na mwaka 1813 seminari kubwa ya Lyon. Huko mafundisho yalitolewa kwa Kilatini, na mitihani vilevile. Vianney hakuyaelewa maswali, hakuweza kujibu. Wakamrudisha. Sisi tuliopita seminarini twajua uzito wa neno hilo. Twajua jinsi sanduku linavyofungwa, jinsi wenzako wanavyoinamisha macho, na jinsi watu wa kijijini wanavyouliza kwa upole ambao wachoma kuliko matusi.

Padri Balley hakukubali. Alimfundisha upya, kwa Kifaransa, akamtetea mbele ya wakubwa. Wakati huo Padri Courbon, makamu wa askofu, ndiye aliyeliongoza jimbo la Lyon, kwa kuwa Kardinali Fesch, mjomba wa Napoleon, alikuwa amekimbilia Roma. Inasimuliwa kwamba Courbon hakuuliza habari za Kilatini. Aliuliza kama kijana yule ni mtu wa ibada, na kama anajua kusali rozari yake. Walipomhakikishia kwamba hana mfano kwa ibada, akaamuru aitwe. Neema ya Mungu, alisema, itatimiza yaliyobaki. Vianney akapewa upadri mjini Grenoble tarehe 13 Agosti 1815, akiwa na miaka 29. Walakini kwa miezi ya kwanza hakuruhusiwa kuungamisha. Walihofu kwamba hataweza kuamua mambo ya dhamiri. Ruhusa ilipofika, mtu wa kwanza aliyepiga magoti kuungama kwake alikuwa Padri Balley, mwalimu wake.

Mwezi wa Februari 1818 alipelekwa Ars, kijiji cha watu 230 hivi, mahali ambapo padri hakutumwa kwa kuheshimiwa. Kila siku kabla ya mapambazuko watu waliona mwanga wa taa ukivuka kiwanja cha makaburi na kuingia kanisani. Walichungulia, wakamwona amepiga magoti mbele ya tabernakulo, peke yake, kwa saa nyingi. Alikuwa akiwaombea wao. Baadaye baadhi yao wakaanza kumfuata. Mmoja wao, mkulima asiyejua kitabu, alikuwa akiacha jembe lake mlangoni na kuketi mbele ya Sakramenti Takatifu bila kusogeza midomo. Paroko alimwuliza amwambia Bwana maneno gani. Akajibu kwamba hasemi neno: yeye amtazama Mungu, naye Mungu amtazama yeye. Paroko alilisimulia jambo hilo mara nyingi, na machozi yakimtoka. Mkulima yule hakuwa amemaliza hata darasa moja, lakini padri wake alimwona kuwa mwalimu.

Hatutaki kuficha kwamba miaka ile ya kwanza Paroko alikuwa mkali. Alipigana na ngoma na vilabu vya pombe kwa muda mrefu, na baadhi ya maneno yake ya mimbarini yangetuogofya leo. Hotuba zenyewe alizinakili katika vitabu vya wengine, akazikariri usiku kwa taabu, na pengine zilimpotea mbele ya watu, akashuka bila kuzimaliza. Hekima haikumshukia kama radi. Ilimjia polepole, tena ilimjia mtu aliyekuwa akiendelea kusoma. Ndiyo, wasomaji wapenzi, huyo waliyemwita mjinga alikuwa na vitabu vingi nyumbani mwake, akavisoma. Mafundisho ya Mtakatifu Alfonso wa Liguori juu ya mambo ya dhamiri, aliyoyapata kwa njia ya vitabu vya Gousset, yalimsaidia kulegeza ukali wake katika kiti cha kitubio. Alikuwa na nafasi ya kujifunza kwa sababu hakudhani kwamba amekwisha kujua.

Habari zake zilipoanza kuenea, na watu wa parokia nyingine wakaanza kwenda Ars, baadhi ya mapadri majirani walichukizwa. Padri mmoja alimwandikia kwamba mtu mwenye elimu ndogo namna hii ya teolojia asingethubutu kuingia katika kiti cha kitubio. Vianney alimjibu kwa kumshukuru: alisema kwamba huyo ndiye amjuaye vizuri, akamwomba amsaidie kupata ruhusa ya kuondoka Ars. Inasimuliwa pia kwamba barua ya kumshitaki kwa askofu ilikuwa ikizungushwa kati ya mapadri ili waitie sahihi, ikamfikia yeye mwenyewe kwa bahati mbaya. Akaisoma. Akaongeza sahihi yake, akaipeleka mbele.

Hapo tumekaa muda mrefu kuliko mahali pengine pote, maana kwa maoni yetu hapo ndipo mlango ulipo. Sisi waalimu twadhani kwamba kinachomzuia mtu kuona ukweli ni uzito wa kichwa. Pengine ni kweli, kwa aljebra. Lakini katika mambo ya roho kinachotuziba macho mara nyingi ni sisi wenyewe. Mtu akija kutuomba shauri, nusu ya akili yetu yamsikiliza, na nusu yajiuliza: je, nitaonekana mwenye akili? Je, jibu hili litanitia hatarini? Je, huyu ni ndugu wa nani? Vianney, kwa miaka ya kupiga magoti kabla ya jua, alikuwa amejisahau. Hakuwa na heshima yake ya kulinda. Mtu alipopiga magoti mbele yake, alimsikiliza mtu huyo kwa moyo mzima.

Monsinyori Devie, askofu wa Belley, aliletewa mashitaka hayo. Akajibu kwamba hajui kama Paroko wa Ars amesoma, lakini ajua kwamba amemulikwa. Sisi ambao kazi yetu ni kutoa maksi tungefanya vizuri kukumbuka kwamba mambo hayo mawili si mamoja, na kwamba hakuna safu ya hilo la pili katika daftari zetu.

Watu wakaja kwa maelfu. Kutoka Lyon magari ya farasi yaliwaleta pamoja na mizigo yao, na wengine walingoja siku kadhaa ili wapate zamu ya kuungama. Inakadiriwa kwamba karibu na mwisho wa maisha yake walifika watu 80.000 kwa mwaka. Aliingia kanisani usiku wa manane au baada yake kidogo, akakaa katika kiti cha kitubio pengine hata saa 15 au 16 kwa siku. Saa tano ya asubuhi alitoka kufundisha katekisimu kwa maneno ya shambani: ndege, kondoo, moto, mvua. Mwezi wa Mei 1845 Padri Lacordaire, Mdominiko, ambaye mahubiri yake yalijaza kanisa kuu la Paris, alikwenda Ars akaketi kati ya wakulima kumsikiliza mtu aliyerudishwa seminarini.

Watu hupenda kusimulia mambo yake ya ajabu. Mjane mmoja alifika Ars na huzuni isiyosemeka, kwa sababu mume wake, mtu asiyeshika dini, alikuwa amejitupa mtoni kutoka juu ya daraja. Paroko, ambaye hakuwa ameambiwa lolote, alipita katikati ya watu, akamwinamia, akamwambia kwamba mume wake ameokoka: kati ya daraja na maji alipata nafasi ya kutubu, na Bikira Maria ndiye aliyemwombea neema hiyo, kwa kuwa katika mwezi wa Mei alijiunga pengine na sala za mke wake. Sisi hatuwezi kuomba tupewe macho ya namna hiyo. Twavutwa zaidi na madogo. Padri mmoja alimlalamikia kwamba wakristu wake ni baridi, ingawa amehubiri na kusali. Vianney alimwuliza kama amefunga pia, kama amekesha, kama amelala chini bila godoro. Wakosefu aliwapa malipizi mepesi. Walipomwuliza, alisema kwamba yaliyobaki huyafanya yeye mwenyewe. Kichwa chepesi kisingefikia shauri la namna hiyo kwa hesabu zake.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, na ambaye hakuna atakayemdhania kuwa adui wa vitabu, ameeleza jambo hili kwa usafi katika *Summa* yake. Asema kwamba mtu aweza kupambanua vizuri kwa njia mbili. Mmoja ajua habari za usafi wa moyo kwa kuwa amesoma elimu ya maadili. Mwingine azijua kwa kuwa ni msafi. Ukimwuliza, pengine hana maneno ya kueleza, lakini huona mara moja lipi lapatana nao na lipi halipatani. Paji la hekima ni la namna hii ya pili. Latoka katika upendo uuunganishao moyo wetu na Mungu, hata tukaanza kuonja mambo kama yeye anavyoyaonja. Twajua mfano wake nyumbani. Mwuguzi amesoma vitabu vya homa, nasi twamhitaji sana. Lakini usiku ule ule, kabla mwuguzi hajafika, mama ametambua kwa kilio tu kama mtoto alia kwa njaa, kwa maumivu, au kwa hofu. Mama hakusoma kilio. Alimpenda mtoto, akakesha naye.

Ndiyo maana tukikariri mapaji saba, hekima, akili, shauri, nguvu, elimu, ibada na uchaji wa Mungu, tusiyataje kama vitu saba vilivyopangwa juu ya rafu. Ibada na hekima huzaana. Asiyekaa na Mungu atayajua wapi mapenzi yake? Mfalme Solomoni, alipoambiwa aombe apendalo, hakuomba mali wala maisha marefu. Aliomba moyo wa kusikia, apate kuwaamua watu wake. Aliomba moyo.

Tusidhani lakini kwamba mtu wa ibada hakosei tena. Mwaka 1850 walimletea kijana Maximin, mmoja wa watoto wawili waliosema kwamba walimwona Bikira Maria huko La Salette. Paroko alizungumza naye, akafahamu kwamba kijana yule amekana kuona lolote. Kwa miaka minane hivi alitaabika kwa mashaka juu ya jambo hilo, kisha akaliamini tena. Zaidi ya mara moja alijaribu kutoroka Ars, akitamani mahali pa upweke pa kulilia dhambi zake; watu wakamrudisha, naye akakubali kwamba alitaka kufanya jambo la kitoto. Mwenye hekima huyo aliyewatuliza maelfu hakuona vizuri njia yake mwenyewe. Jambo hilo latuliza moyo wetu kuliko miujiza.

Hapa kwetu pia tunaye shahidi ambaye hakupitia seminari. Isidore Bakanja, kijana wa kazi za mikono upande wa Équateur, alibatizwa tarehe 6 Mei 1906. Msimamizi mmoja alimwamuru avue skapulari ya Bikira Maria. Akakataa, akapigwa mijeledi vibaya sana, akafa kwa vidonda vile tarehe 15 Agosti 1909. Kabla ya kufa alisema kwamba amemsamehe aliyempiga, na kwamba akifika mbinguni atamwombea. Papa Yoane Paulo II alimtangaza mwenye heri tarehe 24 Aprili 1994. Bakanja alikuwa na ubatizo wa miaka mitatu tu, rozari, na skapulari. Na juu ya swali gumu kuliko yote, yaani tumfanyeje aliyetuangamiza, alijibu upesi kuliko wengi wetu wenye diploma.

Paroko wa Ars alifariki usiku wa tarehe 4 Agosti 1859. Papa Pius XI alimtangaza mtakatifu mwaka 1925, na mwaka 1929 akamweka kuwa msimamizi wa maparoko wote. Kilatini chake kilibaki kidogo.

Twarudi kwa kijana wetu. Mwaka ule alianguka mtihani. Alitujia jioni, bila wenzake, akasimama mlangoni.

« Mwalimu, nimeanguka.

— Tumesikia, mwanangu. Keti. »

Hatukumhubiria. Tulimpa kitabu, tukamfungulia ukurasa wa seminari kubwa ya Lyon. Akasoma taratibu, akarudia tena.

« Na baada ya kurudishwa, akauliza, alifanya nini?

— Alirudi kwa Padri Balley. Alisali, akaanza tena sarufi. »

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama twaweza kumwazima kitabu kile. Tulimpa hicho, na cha aljebra juu yake.

Mwaka uliofuata, asubuhi ya mtihani, tulimwona kanisani katika benchi la nyuma, mikono mitupu, akitazama mbele. Alikaa hivyo karibu nusu saa. Alipotoka tulimwuliza kalamu zake ziko wapi.

« Nimeziacha nyumbani, Mwalimu, ndani ya daftari ya aljebra. Ngoja nikimbie kuzitwaa. »